Eleanor Dumont, mama mwenye aligawa karata mu machimbo ya zahabu

Kila mahali machimbo yanafunguka, nyuma ya wachimbaji kunafika watu wa namna tatu: mwenye kuuza chakula, mwenye kuuza pombe, na mwenye meza ya karata. Sisi watu wa machimbo tunawajua wote. Leo tunasimulia maisha ya mutu mumoja wa ile namna ya tatu, mwanamke mwenye jina lake lilitembea mu machimbo ya magharibi ya Marekani kwa miaka 25.

Zahabu ya California ilionekana mwaka 1848. Mwaka 1854, mu muji wa Nevada City, kulifika kwa gari ya farasi mwanamke kijana, amevaa vizuri, mwenye Kiingereza chake kilisikilika kama cha Mfaransa. Alijiita Eleanor Dumont. Kwao ni wapi hasa, hakupenda kusema, na kuko wenye kuandika kama jina lake la kwanza lilikuwa Simone Jules. Watu walijiuliza huyu mama anafuata bwana gani. Kisha siku chache akafungua nyumba ya karata mu Broad Street, na yeye mwenyewe akaketi kwa meza kugawa.

Ilikuwa ajabu, juu ya kazi ile ilikuwa ya wanaume. Lakini nyumba ikajaa. Kanuni zake zilikuwa nyepesi: kuingia muchafu hapana, kutukana mbele ya mama hapana, kupigana hapana. Wanaume wenye walikaa miezi mu matope walinawa, wakachana nywele, wakakuja kungoja zamu. Mwenye alipoteza aliondoka na neno la heshima na kikombe cha champagne.

Muchezo wake ulikuwa vingt-et-un. Tueleze vizuri, juu hapa ndipo siri ya kazi yake. Kila mutu anapata karata mbili. Anaweza kuomba ingine, na ingine tena, ili akaribie 21. Akipita 21 amepoteza, na makuta yake inaokotwa pale pale. Mwenye kugawa anacheza wa mwisho. Hata yeye naye akipita 21, ule mwenye alipita mbele yake harudishiwi kitu. Faida ya meza inatoka mule, hata pasipo wizi. Kwa mara moja ni ndogo, lakini meza haichoki, na usiku ni murefu.

Biashara ikakua. Dumont akashirikiana na Dave Tobin, mutu wa karata vilevile, wakafungua nyumba kubwa zaidi. Lakini zahabu ya juu juu ikapunguka, wachimbaji wakahama, na mwenye kugawa karata hana shamba lake: anafuata makuta kwenye inaenda. Dumont naye akafunga vitu vyake. Alipita Nevada kwenye feza, akapita Montana, akafika mpaka Deadwood.

Mara moja alijaribu kuacha. Wanasimulia kama alinunua shamba la ngombe karibu na Carson City, akapenda mwanaume mumoja jina lake Jack McKnight, akamuachia mambo yote mikononi. McKnight akauza shamba, akakimbia na makuta. Mama akarudi kwa meza.

Miaka ilikuwa inapita. Nywele zikaota juu ya mudomo wake, na wachimbaji wakamuita Madame Moustache. Jina lile la kumucheka likamufuata kila kambi, na ndilo watu wanakumbuka mpaka leo.

Mwaka 1879 alikuwa Bodie, muji wa zahabu kule California. Alikopa dola 300 kwa rafiki ili afungue meza. Kwa saa chache zikaisha. Faida ile tuliyoeleza inaomba mufuko murefu: mwenye meza lazima aweze kulipa wenye wanashinda leo, angoje hesabu imurudilie kesho. Yeye hakuwa tena na kitu cha kungojea. Tarehe 8 Septemba walimukuta amekufa inje ya muji. Magazeti yaliandika kama alijiua. Inasemekana watu wa karata wa Bodie walichanga makuta ili azikwe kwa heshima.

Leo Bodie ni nyumba tupu za mbao, zenye serikali ya California inalinda kwa wageni kuangalia. Wachimbaji walikwisha kwenda, na zahabu yenye ilipita kwa meza ya Dumont haikubaki kwa wenye waliichimba, wala kwa ule mwenye aliiokota. Mu nyumba ya muchimbaji, siku ya mushahara, ile hesabu ya mwenye kucheza wa mwisho inafaa ijulikane na baba, na mama, na batoto pia.