Dokta John Kirk na Sumu ya Mshale Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Wanafunzi wengi wa Unguja wanamjua John Kirk kutoka somo la Historia, kama balozi wa Uingereza aliyehusika na kufungwa kwa soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873. Wachache wanajua kwamba alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, na kwamba jina lake limo pia katika historia ya dawa. Wasifu huu umewekwa katika mada ya dawa na mfumo wa fahamu kwa sababu unasaidia kujibu swali linalowatatiza wengi: dawa inajuaje pa kwenda mwilini? Jibu fupi ni kwamba haijui. Husambaa na damu kila mahali, lakini hufanya kazi pale tu inapokutana na kitu inachoweza kushikana nacho. Kitu hicho tutakiita shabaha ya dawa.

Kuzaliwa na elimu

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1854. Wakati wa Vita vya Crimea alihudumu katika hospitali ya Waingereza nchini Uturuki, na huko alitumia nafasi aliyoipata kukusanya mimea. Mapenzi haya ya mimea ndiyo yaliyomleta Afrika.

Msafara wa Zambezi na sumu ya kombe

Mwaka 1858 Kirk alijiunga na msafara wa David Livingstone katika Mto Zambezi na Mto Shire, katika nchi ambazo leo ni Msumbiji na Malawi. Alikuwa daktari wa msafara na mtaalamu wake wa mimea. Katika bonde la Shire aliwakuta wawindaji waliopaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Mwanafunzi asilichanganye jina hili na kombe tunalolijua Unguja, yaani maandishi ya zafarani yanayooshwa kwenye sahani ili mgonjwa anywe. Kombe ya Shire ilitokana na mbegu za mmea unaotambaa, ambazo zilisagwa zikawa uji mzito, kisha zikapakwa kwenye mshale karibu na chembe.

Mnyama aliyechomwa na mshale huo hakwenda mbali. Hata hivyo wawindaji walikula nyama yake, baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha. Hapa pana ujuzi mkubwa. Sumu hii ikiingia kwenye damu huua haraka, lakini ikipita tumboni ni kiasi kidogo tu kinachofyonzwa. Wawindaji waliujua ukweli huu kwa vitendo kabla ya maabara yoyote kuupima.

Inasimuliwa kwamba siku moja mswaki wa Kirk ulikaa mfuko mmoja na sampuli za sumu hiyo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu usio wa kawaida mdomoni, na alipojipima aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angeusukutua mdomo na kusahau. Kirk alikuwa daktari, akaelewa kwamba kitu kile kinaugusa moyo. Alipeleka sampuli Uingereza, na wataalamu wa bustani ya Kew, London, wakautambua mmea. Jina lake la kisayansi, Strophanthus kombe, linabeba mpaka leo neno la wawindaji.

Kazi ya Fraser mjini Edinburgh

Kirk hakuifanyia utafiti zaidi sumu hiyo. Kazi hiyo ilifanywa na Thomas Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1868 Fraser na mwenzake Alexander Crum Brown walikuwa wameonyesha jambo la msingi. Walichukua striknini, sumu inayosababisha degedege, wakabadilisha kidogo muundo wa molekuli yake. Sumu iliyopatikana haikuleta degedege tena, bali ilipoozesha misuli. Kwa hiyo umbo la molekuli ndilo linaloamua itashikana na nini.

Fraser alianza kutoa matokeo yake kuhusu kombe mwaka 1870. Alipata kutoka kwenye mbegu kemikali iliyoitwa strofanthini, akaona kwamba inafanya kazi hasa kwenye misuli ya moyo. Kwa dozi kubwa moyo hujikaza na kusimama bila kulegea. Kwa dozi ndogo mapigo hupungua kasi na kila pigo huwa na nguvu zaidi. Mwaka 1885 alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu vizuri. Sumu ya mshale ilikuwa imeingia hospitalini.

Kirk katika Mji Mkongwe

Wakati Fraser akifanya kazi hiyo, Kirk alikuwa Unguja. Alifika mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, akapanda cheo hadi kuwa balozi mkuu mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Hakuusaini kwa hiari tu, kwani Kirk alikuwa amemwonya kwamba manowari za Uingereza zingeizuia bandari yake.

Historia inamhukumu Kirk kwa pande mbili. Mkataba uliwaokoa watu wengi, lakini ushawishi wake ulizidisha nguvu za Uingereza Zanzibar. Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana kumwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu katika sehemu kubwa ya mwambao wa bara, urafiki wa Kirk haukumsaidia Barghash.

Kirk hakuacha sayansi. Alipanda miti ya kigeni katika bustani yake ya Mbweni na kuendelea kupeleka mimea Kew. Kima mwekundu wa Unguja, anayeonekana Jozani, amepewa jina la Kirk kisayansi. Wenyeji humwita kima punju, yaani kima mwenye sumu. Jina hilo halihusiani na kombe.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886 na kufariki Uingereza tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Hakuishi kujua shabaha ya sumu ile ni nini.

Shabaha yajulikana

Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alieleza protini iliyomo kwenye utando wa seli, ambayo leo inaitwa pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila mzunguko pampu hii hutoa nje ayoni 3 za sodiamu na kuingiza ayoni 2 za potasiamu. Dawa za jamii ya strofanthini hushikana na pampu hiyo na kuizuia. Sodiamu ikijaa ndani, kalsiamu nayo hubaki kwa wingi, na kalsiamu ndiyo inayoukaza msuli wa moyo. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Lakini pampu hii imo katika seli za mwili mzima, zikiwemo za neva. Kwa hiyo dozi ikizidi kidogo, mgonjwa hutapika, huona vibaya, na mapigo ya moyo huvurugika. Ndiyo maana digoksini, dawa ya jamii hiyo ambayo bado inatumika, hutolewa kwa uangalifu mkubwa.

Kutoka moyoni hadi kwenye ubongo

Tatizo hilohilo linawakabili wanaotengeneza dawa za ubongo. Dopamini ni kemikali ambayo seli ya neva huitoa ili kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Ilitengenezwa maabara London mwaka 1910, lakini kazi yake katika ubongo ilianza kueleweka mwishoni mwa miaka ya 1950, hasa kwa utafiti wa Arvid Carlsson wa Uswidi. Dopamini hupokewa na protini ziitwazo vipokezi, nazo ni za aina 5: D1 hadi D5.

Haloperidoli, iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, huziba vipokezi vya D2 na kupunguza sauti na maono yasiyokuwepo yanayomsumbua mgonjwa wa akili. Shida ni kwamba D2 vimo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Vikizibwa huko, mgonjwa hukakamaa na kutetemeka. Watafiti hutafuta molekuli inayochagua kipokezi kimoja na kuviacha vingine, au inayokiamsha nusu badala ya kukiziba kabisa. Kazi ni ngumu kwa sababu vipokezi vingine, kama D2 na D3, vinafanana sana.

Jambo hili si la mtihani peke yake. Unguja wapo wagonjwa wanaotibiwa katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Familia ikiona mgonjwa wake anatetemeka, isidhani amerogwa wala isimwachishe dawa kimyakimya. Imweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Mtetemeko huo mara nyingi ni dawa iliyofika mahali pasipokusudiwa.

Mambo ya kukumbuka

1. Dawa na sumu hutofautishwa na dozi, njia ya kuingia mwilini, na shabaha.
2. Umbo la molekuli huamua shabaha yake.
3. Madhara mengi hutokea kwa sababu shabaha hiyohiyo, au inayofanana nayo, imo katika sehemu nyingine za mwili.
4. Ugunduzi wa strofanthini ulikuwa wa watu wengi: wawindaji wa Shire walioijua sumu, Kirk aliyeitilia maanani, na Fraser aliyeipima. Vitabu huwataja wawili wa mwisho kwa majina. Jibu kamili huwataja wote.

Maswali

1. Kwa nini wawindaji wa Shire waliweza kula nyama ya mnyama aliyeuawa kwa mshale wa sumu?
2. Eleza jaribio la Fraser na Crum Brown la mwaka 1868 na umuhimu wake kwa watengenezaji wa dawa.
3. Kwa nini digoksini inaweza kumdhuru mgonjwa dozi ikizidi?
4. Haloperidoli hupunguza dalili za ugonjwa wa akili lakini huweza kuleta mtetemeko. Fafanua kwa kutumia vipokezi vya D2.
5. Jadili faida na madhara ya kazi ya John Kirk kwa watu wa Zanzibar.