Mus'ab bin Umayr na shuka isiyotosha

Ndugu Waislamu, mjini kwetu kijana hupimwa kwa mavazi. Basi tumkumbuke Mus'ab bin Umayr (r.a.), kijana mtanashati wa Makka aliyesifika kwa nguo nzuri na manukato.

Aliposilimu, mama yake alimfungia ndani na kumnyima mali. Akahamia Uhabeshi. Baadaye Mtume (s.a.w.) akamtuma Yathrib kufundisha Qur'ani, na huko Sa'd bin Mu'adh akasilimu mbele yake pamoja na watu wake.

Mwaka wa 3 Hijria (625), katika vita vya Uhud, Mus'ab ndiye aliyebeba bendera. Safu zilipovunjika hakukimbia, bali alisimama kumkinga Mtume. Inasimuliwa kuwa alikatwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akaikumbatia bendera kwa vigutu. Ibn Qami'a akamuua, akidhani kamuua Mtume mwenyewe.

Sanda yake ilikuwa shuka moja fupi. Wakifunika kichwa, miguu inabaki wazi. Wakifunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Wakafunika kichwa, miguuni wakaweka majani ya idhkhiri.

Sisi walimu na wazazi tujiulize: vijana wetu tunawafundisha kuvaa tu, au pia kumkinga mwenzao? Allah atuongoze. Amin.