Pikipiki moja, miaka 47: Mzee Burt Munro na gereji yake

Hebu fikiria jirani yako ni mzee wa miaka hamsini hivi. Ameachana na mkewe. Kazi ameacha. Analala ndani ya gereji, kitanda upande huu, pikipiki upande ule, na usiku wa manane unaskia tupa ikikwaruza chuma, krr, krr, krr. Pikipiki yenyewe aliinunua akiwa kijana wa miaka ishirini hivi na hadi leo hajaibadilisha. Kila ukimwona ameikongoa tena.

Wewe ungesema nini? Mimi najua ningesema nini. Ningesema huyu msee amechizi.

Mzee huyo alikuwa Herbert James Munro, na mji wake ni Invercargill, kule chini kabisa kusini mwa New Zealand. Watu walimjua kama Bert. Hiyo "Burt" unayoiona kila mahali ilianza kama kosa la jarida moja la Marekani mwaka 1957, naye akaipenda akabaki nayo. Huenda umemwona kwenye filamu ya mwaka 2005, The World's Fastest Indian, akiigizwa na Anthony Hopkins. Filamu ni tamu, lakini gereji inapita haraka sana ndani yake, na mimi naona hadithi yenyewe iko gereji.

Munro alizaliwa Machi 25, 1899. Alikuwa pacha, ila dadake alifariki wakati wa kuzaliwa. Familia yake ilikuwa ya wakulima, shamba likiwa Edendale, na kabla ya kujua injini kijana huyu alishapata ugonjwa wa kasi. Alikuwa akichukua farasi mwenye mbio kuliko wote nyumbani na kumkimbiza shambani huku babake akilalamika. Ikaja 1920, akanunua pikipiki mpya kabisa aina ya Indian Scout. Usichanganyikiwe na jina: Indian ni kampuni ya Marekani, kutoka Springfield, Massachusetts, na Scout ndiyo ilikuwa imetoka tu mwaka huo.

Sasa jua ni chombo gani tunazungumzia. Injini ya cc 600, silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V. Gia tatu unazobadilisha kwa mkono, klachi unaikanyaga kwa mguu, breki iko gurudumu la nyuma pekee. Kiwandani iliundwa kufika kama kilomita 90 kwa saa. Bodaboda aliyekubeba leo asubuhi kwa barabara tupu anaweza kukaribia hapo, na yeye angalau ana breki ya mbele.

Mwaka 1926 Munro alianza kuifungua na kuibadilisha. Hakuacha tena.

Hakuwa na pesa. Hili ulishike kwa sababu kila kitu kingine kinatokana nalo. Mchana alikuwa akiuza na kutengeneza pikipiki za watu; usiku anarudi kwa yake, asubuhi anaenda kazini tena. Kununua spea za mashindano kutoka ng'ambo ilikuwa ndoto, basi akaanza kuziunda mwenyewe. Pistoni je? Anayeyusha pistoni kuukuu, anamwaga kwenye kalibu, inapoa, anaanza kuichonga. Ukiwahi kupita kwa mafundi wa jua kali wakiyeyusha alumini ya skrapu kuunda sufuria, umeshaiona nusu ya kazi hiyo. Nusu ya pili ndiyo noma. Sufuria ikizidi milimita moja bado itapika ugali. Pistoni ikizidi kidogo tu, joto likiifanya ivimbe inashika ndani ya silinda, injini inanoki, na kama uko mwendo wa kasi gurudumu la nyuma linaweza kujifunga ukiwa juu yake. Ikipungua, mgandamizo unavuja na nguvu inapotelea pembeni. Nafasi ya usalama ni nyembamba kuliko karatasi.

Na kipimo chake kilikuwa nini? Inasimuliwa kwamba alitumia spoki kuukuu mahali ambapo fundi mwenye pesa angetumia maikromita. Spoki, kijiti cha gurudumu!

Ilipofika zamu ya konrodi, yaani kile chuma kinachobeba pistoni na kuizungushia kranki, Munro alitafuta ekseli kuukuu ya trekta aina ya Caterpillar. Aliichagua kwa sababu ni chuma kigumu kilichozoea kubeba mizigo, akakaa chini akaichonga kwa mkono hadi konrodi zikatokea. Silinda alijitengenezea, magurudumu mazito ya ndani ya injini pia. Tairi alizichonga kwa kisu kupunguza mpira, maana kwa kasi kubwa ule mpira mzito wa juu unataka kuruka utoke. Halafu kuna kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Scout ilitoka kiwandani na valvu zilizokaa kando ya silinda, muundo wa zamani unaoilazimisha hewa na petroli kupiga kona kabla ya kuingia. Munro alizihamishia juu ya silinda ili injini ipumue moja kwa moja. Hiyo ni sawa na kumfanyia mtu upasuaji wa moyo kwenye meza ya jikoni.

Wacha nikuambie kwa nini hili linanigusa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kitu cha kwanza nilichojipa kufanya ni kufufua pikipiki kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba kwetu. Nilikongoa kabureta, nikaisafisha vizuri, nikaifunga. Skrubu moja ikabaki mezani. Hadi leo sijui ilitoka wapi, na fundi wa mtaani alipoiona alicheka hadi akakaa chini. Kwa hivyo nikisoma kuhusu mtu aliyebuni upya injini nzima bila darasa, naelewa ni usiku mingapi ya skrubu iliyobaki inajificha hapo katikati.

Maana spea zake zilivunjika. Zilivunjika sana! Ukiongeza nguvu upande mmoja wa injini, unauhamishia mzigo upande mwingine ambao haukuujengea. Unaimarisha pistoni, konrodi inakatika. Unaimarisha konrodi, kranki inalia. Munro hakuzitupa spea zilizokufa. Alizipanga kwenye rafu moja ndani ya gereji, pistoni zilizotoboka, valvu zilizopinda, vipande vya silinda, na kwenye rafu akaandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Wageni waliona ni mzaha wa mzee, nami sipingi. Lakini rafu hiyo ilikuwa pia daftari lake. Chuma kilichovunjika kinaonyesha kilivunjikia wapi na kwa nini, kama ni joto, kama ni uchovu, kama ni kona kali uliyoiacha ulipochonga. Wengi wetu tunaficha vitu tulivyoharibu. Yeye aliviweka mahali anapoviona kila akiamka.

Sitaki kukupamba kuhusu upande wa nyumbani. Munro alikuwa na mke, Beryl, na watoto wanne. Ndoa iliisha 1947, na baada ya hapo ndipo alipoacha kazi akahamia gereji moja kwa moja. Kuna watu wanaosimulia sehemu hii kama ushujaa, eti alijitolea kila kitu kwa ndoto yake. Mimi naona kuna watoto wanne ambao baba yao alikuwa na kitu kingine anachokipenda, kitu kinachonuka oili. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Uwanja wake wa majaribio ulikuwa ufuo wa Oreti, nje ya Invercargill, mchanga mgumu ulionyooka kwa kilomita nyingi. Huko alikuwa akiikimbiza Scout na pia Velocette ya 1936, pikipiki yake ya pili ambayo nayo haikusalimika na tupa. Mwaka 1940 aliweka rekodi ya New Zealand ya ufuoni, kama kilomita 194 kwa saa. Mwaka 1957 akafika 211. Kumbuka injini ni ile ile ya 90.

Mwaka huo huo wa 1957 alisafiri hadi Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, kutazama tu. Bonneville ni ziwa lililokauka likaacha chumvi nyeupe, tambarare kama meza, na ndipo watu wa kasi duniani hukutana. Aliporudi nyumbani alijua anachokitaka. Aliunda gamba la kuifunika pikipiki nzima, jembamba, mfano wa samaki, kiasi kwamba dereva analala kifudifudi ndani yake. Na 1962, akiwa na miaka 63, akarudi huko na Scout.

Ukitoa injini ufuoni ukaipeleka Bonneville inabadilika tabia, kwa sababu kule uko karibu mita 1,280 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani itamwaga petroli nyingi kupita kiasi, injini ikohoe. Lazima upange upya. Madereva wa malori yanayopanda kutoka Mombasa enzi za kabureta waliyajua haya bila kusoma popote. Lakini Munro alikuwa amekaa na injini hii zaidi ya miaka 40 na aliijua kwa mlio. Mwaka huo 1962 akaweka rekodi ya dunia ya daraja lake: kilomita 288 kwa saa.

Alirudi tena na tena. Mwaka 1966 akaweka rekodi nyingine. Halafu 1967, injini sasa imepanuliwa hadi cc 950, mzee ana miaka 68, na hapo ndipo kifo kilipopita karibu. Akiwa katikati ya mbio pikipiki ilianza kuyumba. Ukiwa kwa kasi hiyo huwezi kukanyaga breki, na kama nilivyokuambia breki zenyewe si za kutegemea, kwa hivyo akafanya alichoweza: akainua kifua ili upepo umpunguzie mwendo. Upepo ukamng'oa miwani na kumfumba macho. Akawa haoni kitu, ametoka nje ya mstari mweusi uliochorwa kwenye chumvi, akaponea chupuchupu nguzo ya chuma ya kuonyesha njia. Mwishowe aliilaza pikipiki chini makusudi, akateleza nayo. Akainuka na michubuko.

Mwaka huo huo rekodi ikaandikwa: kilomita 295 kwa saa, daraja la chini ya cc 1,000. Kwenye mbio za kufuzu, za upande mmoja tu, alipita 305. Kwa rekodi yenyewe lazima ukimbie kwenda na kurudi, kisha wastani unachukuliwa, ili upepo usikupendelee. Na hapo kuna kituko. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya mzee kufariki, mwanawe aligundua kwamba wastani huo ulikokotolewa vibaya. Chama cha pikipiki cha Marekani kikapiga hesabu upya na kumwongezea babake karibu kilomita moja kwa saa. Mzee aliyepima pistoni kwa spoki alipunjwa na watu wenye kalamu na karatasi.

Moyo ulikuwa ukimsumbua, na 1977 akapata kiharusi kilichomfanya mikono na miguu isimtii kama zamani. Alijua hawezi kuendesha tena. Aliziuza pikipiki zake mbili kwa mfanyabiashara wa hapo hapo mjini, ili zisiondoke nyumbani. Alifariki Januari 6, 1978, akiwa na miaka 78.

Ukifika Invercargill leo, Scout haiko kwenye jumba la kifahari. Iko E Hayes and Sons, duka la vifaa vya ujenzi na zana. Unaingia kununua misumari, unapita spana na mikebe ya rangi, unaikuta imesimama hapo.