Alick Nkhata, Mwimbaji wa Watu wa Migodini

Wenyeji wa Tunduma na wa nchi ya Mbozi hawahitaji kufundishwa Ukanda wa Shaba ni nini. Katika siku za ukoloni vijana wengi wa Kinyamwanga, Kinyiha na Kinyakyusa waliuvuka mpaka, wakaenda kutafuta kazi katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia. Wapo waliorudi na baiskeli na mablanketi. Wapo waliorudi na kifua kibovu. Na wapo ambao mama zao waliwangojea mpaka wakafa. Habari za watu wa namna hiyo zilipata mwimbaji wake, naye ndiye tutakayemsimulia leo.

Alick Nkhata alizaliwa mwaka 1922 huko Kasama, katika nchi ya Wabemba. Baba yake alikuwa Mtonga na mama yake Mbemba. Alisomea ualimu, lakini vita kuu ya pili ilipokuja aliingia jeshini, akapelekwa Burma pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, akapanda cheo mpaka kuwa sajini. Aliporudi hakukaa sana na chaki. Alifuatana na Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akinasa ngoma na nyimbo za wenyeji, na katika safari hizo alijifunza jambo ambalo shule haikumfundisha: kwamba nyimbo za bibi zake zilikuwa hazina, wala hapana aibu kuziimba mbele ya watu wenye suti.

Kisha akaingia katika redio ya Lusaka. Redio hiyo ilianza mwaka 1941, wakati wa vita, kwa juhudi za afisa mmoja wa serikali, Harry Franklin, nayo ilisema na Waafrika kwa lugha zao wenyewe. Shida ilikuwa vyombo vya kusikilizia, kwa kuwa redio za siku hizo zilikuwa mali ya Wazungu na matajiri. Basi mwaka 1949 vikaanza kuuzwa vyombo vidogo vya betri kwa bei ya pauni 5, vyenye umbo la sufuria, hata vikapewa jina la sufuria, Saucepan Special. Pauni tano hazikuwa fedha kidogo kwa mchimba shaba, lakini alizitoa. Chombo kimoja kilisikilizwa na nyumba nzima, na mara nyingi na majirani pia. Na sauti iliyotoka humo ilikuwa mara kwa mara ya Nkhata, akitangaza, au akipiga gitaa na kuimba na wenzake watatu.

Ili kuelewa uzito wa nyimbo hizo, yatupasa kukumbuka mambo yaliyokuwa yakitendeka migodini. Mwaka 1935 wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi, na askari wakawapiga risasi watu sita huko Luanshya. Mwaka 1940 waligoma tena, na huko Nkana wakafa kumi na saba. Mwaka 1949 Waafrika wakaunda chama chao cha wafanyakazi wa migodi, na mwaka 1952 wakagoma majuma matatu kwa utulivu, wakaongezewa mshahara. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja, ingawa Waafrika wengi walikuwa wamelikataa wazi. Hofu ikaenea, watu walinong'onezana ati Wazungu wametia dawa katika sukari ili kuwalegeza wasipinge, na hata watangazaji weusi wa Lusaka walitazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa walikula mshahara wa serikali.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa maisha ya Nkhata. Alikuwa mtumishi wa serikali. Hakuweza kusimama mbele ya kipaza sauti na kuilaani. Tena, tuseme kweli, anayetafuta katika nyimbo zake maneno ya jukwaani atachoka bure. Aliimba habari za kazi, fedha, ndoa na ulevi. Nafwaya Fwaya, jina la wimbo wake mmoja, maana yake ni nimetafuta, nimetafuta. Na Imbote ni pombe ya asali. Je, haya ni malalamiko? Kwa maoni yetu, ndiyo. Katika nchi ambamo mchimbaji alihesabiwa kwa namba ya kazi yake, kumwimba kama mtu mwenye mke, deni na kiu ya nyumbani kulikuwa ni kumrudishia ubinadamu wake, na msikilizaji aliielewa shabaha bila kuelezwa.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Detroit, mji wa viwanda vya magari katika Marekani, watu weusi waliotoka mashamba ya kusini walikuwa wakifanya jambo la jamaa moja. Mwenye duka mmoja, Joe Von Battle, aliwanasa wapiga gitaa wa mitaani pamoja na mahubiri ya mchungaji C. L. Franklin, akayatoa katika sahani za santuri. Lakini katika ghasia za mwaka 1967 duka lake liliharibiwa, na kanda nyingi zikapotea kabisa.

Tumrudie Nkhata. Shirikisho lilivunjika mwishoni mwa 1963, na tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ikapata uhuru. Mtangazaji aliyeshukiwa zamani akapanda mpaka kuwa mkurugenzi wa redio ya taifa. Alipoacha kazi alikwenda kulima huko Mkushi. Jirani na shamba lake palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe, wafuasi wa Joshua Nkomo, na wengi wao kambini humo walikuwa wanawake. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Rhodesia yaliishambulia kambi hiyo, na Nkhata akauawa katika shambulio hilo, akiwa na umri wa miaka 56 hivi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yaingia Zambia hapo Tunduma, ikapita Kasama alikozaliwa, kisha ikapita wilaya ya Mkushi alikofia.

Kanda zake nyingine zilisalimika. Mwaka 1991 kampuni ndogo ya Uingereza, RetroAfric, ilizikusanya baadhi ya nyimbo hizo za miaka ya hamsini ikazitoa upya. Mkusanyo huo uliitwa kwa jina la wimbo wake mmoja, Shalapo, neno la Kibemba ambalo mwenye kuondoka humwambia yule anayebaki nyumbani.