Tom Mboya: Bwana afya aliyesoma kwa posta

Kama uko Isiolo, unasomea digrii huku mchana unaendesha boda au unakaa kwenye kibanda cha M-Pesa, basi una mwenzako wa zamani. Jina lake unalijua kutokana na ile barabara ya Nairobi iliyojaa matatu. Tom Mboya alifanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja, bila intaneti. Ila watu wa Isiolo wana sababu nyingine ya kumjua, na hiyo si tamu sana. Tutaifikia.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake alikuwa nyapara. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alisoma shule za misheni, akapita Yala, akafika Mang'u. Kichwa alikuwa nacho, karo ndiyo haikuwepo. Nyuma yake walikuwa wadogo zake, nao walihitaji kusoma, kwa hiyo mwaka 1948 akachagua chuo ambacho mwanafunzi hakulemewa na gharama: Jeanes School, Kabete, kozi ya ukaguzi wa afya. Hakuipenda kazi hiyo tangu utotoni. Ilikuwa ndiyo nafasi iliyopatikana.

Alipomaliza, Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri mwaka 1951. Akawa bwana afya, kupima maziwa na kukagua usafi wa maduka. Mkaguzi Mzungu wa kazi ile ile alilipwa mara kadhaa zaidi yake. Kuna siku mama mmoja wa Kizungu aliingia maabara na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alikuwa amekaa pale pale mbele yake. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye, na ukikisikia unaelewa kwa nini kijana huyu hakutosheka na cheti kimoja.

Akajisajili na chuo cha Afrika Kusini kilichofundisha kwa posta, akasoma uchumi. Barua inakuja na somo, unajibu maswali usiku, unarudisha kwa stempu, unasubiri. Na usidhani jioni zake zilikuwa tupu. Alikuwa anaongoza chama cha wafanyakazi wa baraza, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, viongozi wa kisiasa walikuwa kizuizini, na mikutano mingi ilipigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vilibaki mlango mmojawapo wa Mwafrika kusema. Mwaka 1955 wapakuaji mizigo wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya ndiye aliyeshuka pwani kusaidia kusuluhisha.

Yale madaftari ya uchumi ndiyo yaliyomfaa mezani na waajiri. Hapo mimi namwonea wivu kidogo: kilichosomwa usiku kilitumika asubuhi. Wengi wetu tunafanya kibarua kisichohusiana kabisa na tunachosomea, na tunachoka mara mbili.

Mwishoni mwa 1955 alipata ufadhili wa kwenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja. Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi mwaka 1957 akashinda. Kisha ikaja ile safari ya ndege: Septemba 1959, wanafunzi 81 walipelekwa Marekani kwa mchango aliozunguka kuutafuta, na mamia wakafuata. Wengi wao huko walijikimu kwa kuosha vyombo na kufagia mabweni kati ya masomo.

Sasa Isiolo. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, na Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndiye aliyeusukuma na kuutetea. Ulisema pesa za maendeleo zielekezwe kwanza palipo na mvua, ardhi nzuri na njia za usafiri, kwa sababu ndipo zitakapozaa haraka. Maeneo makavu yangesaidiwa kwa kuwasomesha watu wake, hata kama ni mbali na kwao. Wakati huo Isiolo ilikuwa katikati ya vita vya Shifta, na mifugo inakwisha.

Kwenye karatasi hesabu ile inaingia akilini. Lakini mtu aliyenyimwa masomo na karo alipaswa kujua kwamba asiye na kitu hangojei faida ya jirani imfikie. Sehemu ya kwanza ya mpango ilitekelezwa upesi. Ile ya kusomesha watu wa kaskazini ilikwenda kwa mwendo wa ngamia aliyechoka.

Mboya hakuishi kuulizwa. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Government Road, Nairobi, mchana, akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Kwa miaka mingi baada ya hapo, lami iliishia Isiolo mjini. Ilipofika Moyale, karibu nusu karne ilikuwa imepita tangu azikwe Rusinga.