Hans Berger, daktari aliyetaka kusoma mawazo

Mmetuuliza kama kile kipimo cha nyaya kichwani, wanachopimwa wenye kifafa, husoma mawazo. Aliyekianzisha, Hans Berger wa Ujerumani, alitamani kiwe hivyo.

Alizaliwa mwaka 1873. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu, na baba yao akatuma telegramu kumjulia hali. Berger akaamini kwamba wazo lake ndilo lililomfikia dada.

Akasomea udaktari, akaitafuta nguvu hiyo kimyakimya mjini Jena. Mwaka 1924 alinasa umeme wa ubongo wa kijana aliyekuwa na tundu kwenye fuvu. Alipotangaza mwaka 1929, wengi walimtilia shaka. Na mawimbi yale hayakubeba wazo lolote. Yalibadilika mtu akifumba au kufumbua macho. Mashine za leo hukisia maneno, ila kwa aliyekubali kupimwa kwa saa nyingi.

Kwetu, zito ni hili: chini ya Hitler, Berger alikaa kwenye mahakama iliyoamua nani aondolewe uzazi kwa lazima. Sheria ile iliwalenga hata wenye kifafa. Alijiua mwaka 1941, akiugua sonona.