Wangu wa Makeri: Mkuu wa Weithaga Aliyeponzwa na Ngoma

Kama wewe ni kijana wa Nakuru, kiongozi mwanamke si ajabu kwako. Mwaka 2022 kaunti yako ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana na Tabitha Karanja kuwa seneta. Lakini ngoja mzee fulani kule Molo au Bahati akasirishwe na uongozi wa wanawake. Hatachelewa kukutajia Wangu wa Makeri, jina lililofika huku na familia za Murang'a zilizokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu.

Ebu mjue basi. Wangu alizaliwa Murang'a karne ya 19, akaolewa na Makeri wa Mbogo. Mwaka 1902 chifu Karuri wa Gakure, aliyezoea kufika bomani kwao, alimpa uongozi wa Weithaga. Wakuu wenzake walikuwa wanaume.

Usimfanye malaika, lakini. Kodi ya nyumba ilikuwa ya mkoloni, na Wangu aliikusanya bila huruma. Husimuliwa kwamba mwanaume aliyeikwepa aliinamishwa chini, Wangu akamkalia mgongoni kama kiti. Machifu wanaume nao waliwatesa watu, tena sana, lakini wao walilaumiwa kwa ukali tu. Wangu alilaumiwa kwa ukali na pia kwa kuwa mwanamke.

Kilichomwangusha si kodi. Kibata ilikuwa ngoma ya wanaume. Mwaka 1909 Wangu aliingia uwanjani akaicheza pamoja na Karuri, na inasemekana vazi lake lilimtoka mbele za watu. Wee! Aibu ikamfanya ajiuzulu. Karuri, aliyekuwa kwenye ngoma hiyo hiyo, alibaki na cheo chake.

Sasa kuna ngano ya Wakikuyu kwamba zamani wanawake ndio walitawala, tena kwa mkono wa chuma, hadi wanaume wakapanga njama: wote wapate mimba wakati mmoja, kisha wapinduliwe. Wasimulizi wengi humtaja Wangu kuwa ndiye malkia huyo, ilhali yeye aliongoza kata moja kwa miaka saba tu, chini ya chifu mwanaume na serikali ya Wazungu.

Na kuna jambo hawakuambii: alipoondoka, kiti chake kilienda kwa mwanaume, na kodi ya mkoloni ikaendelea kudaiwa vilevile.